Chuma Kilichochoka Hakipumzishwi: Uhakiki wa Istilahi za Nyufa katika Metali

Miezi michache iliyopita ofisi yetu ililetewa mswada wa mwongozo wa ukaguzi wa vipande vya metali katika magari na mitambo. Umefasiriwa kutoka Kiingereza, na nyuma yake imeambatishwa orodha ya istilahi ambazo mfasiri anaomba zisanifishwe. Mimi nilikabidhiwa kuusoma. Ni kazi ya mtu mwenye bidii, na mengi yaliyomo ni mema, lakini katika sura ya ekseli na springi nilikutana na sentensi iliyonifanya niweke kalamu chini: "Kipande kilichopatwa na uchovu kipumzishwe mara moja."

Maandishi ya asili yanaagiza kipande hicho kiondolewe kazini kabisa, kisitumike tena. Mfasiri alikuwa amekwisha kukubali neno uchovu, na neno hilo likamwongoza mkono. Kwetu aliyechoka hupumzika, na akishapumzika hurudi kazini akiwa na nguvu mpya. Fundi atakayelitii agizo hilo atakiweka kipande rafuni kwa juma moja, na juma la pili atakirudisha chini ya basi.

Kosa hilo si la sentensi moja. Istilahi kadhaa za orodha hii zimetafutwa moja moja, kama maneno, kabla ya kuulizwa ni jambo gani hasa linalotokea ndani ya metali yenye ufa. Zikipelekwa mbele ya kamati ya usanifishaji jinsi zilivyo, yamkini zitapita bila mabishano, kwa kuwa kila moja ikisomwa peke yake inapendeza.

Tuanze na huo uchovu. Mfasiri hakulizua wazo hilo. Wahandisi wa Ulaya walianza kusema kwamba metali huchoka katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, na mwaka 1854 Mwingereza Braithwaite alilitumia neno hilo katika makala yake. Kifaransa, Kijerumani na Kirusi nazo zinatumia neno la uchovu wa mwanadamu kwa jambo hili. Haja ilitokana na reli. Tarehe 8 Mei 1842 ekseli ya injini ya treni ilikatika karibu na Meudon, katika njia ya Versailles kwenda Paris, na watu wengi wakafa kwa moto. Baadaye, huko Ujerumani, August Wöhler alizijaribu ekseli za reli kwa miaka mingi, na kufikia mwaka 1870 alikuwa ameonyesha kwamba chuma kinaweza kukatika kwa mzigo mdogo kuliko ule ambao kingeubeba mara moja bila taabu, mradi mzigo huo uwe unakuja na kuondoka maelfu au mamilioni ya mara. Alionyesha pia kwamba tofauti kati ya mzigo wa juu na wa chini ndiyo yenye madhara makubwa kuliko ukubwa wa mzigo wenyewe.

Kwa hiyo istilahi inahusu marudio. Haihusu umri, uchakavu, wala kupungukiwa na nguvu. Na hapa ndipo Kiswahili chetu kinapoleta shida ambayo sidhani Wajerumani waliipata, kwa sababu mafundi wetu walikwisha kulitumia neno kuchoka kwa jambo jingine. Nilikwenda Gerezani, Dar es Salaam, kwa fundi mmoja wa springi za malori, mtu mzima aliyeifanya kazi hiyo tangu ujana wake.

"Shikamoo, mzee. Springi ikichoka huwaje?"

"Marahaba, mwanangu. Ikichoka inalala. Gari linainama upande mmoja. Tunaitoa, tunaitia moto, tunaipinda upya, inarudi."

"Na ile inayokatika?"

"Hiyo haikuchoka. Hiyo imekatika tu. Pengine ni mpya."

Katika maneno hayo machache mzee huyo ameuhakiki mswada kuliko nitakavyoweza mimi. Kwake yeye kuchoka ni kulegea, na kunatibika. Tena mwananchi wa kawaida akisema gari limechoka, ana maana kwamba limezeeka. Lakini ufa tunaouzungumzia hapa hauonyeshi kulegea kokote: kipande hubaki na umbo lake, hukaza kama kawaida, kisha siku moja hukatika. Wala haujali upya. Jukwaa la baharini liitwalo Alexander L. Kielland lilianza kazi mwaka 1976; tarehe 27 Machi 1980 lilipinduka katika Bahari ya Kaskazini kwa ufa wa aina hii ulioanzia penye uchomeleaji mdogo, na watu 123 wakafa.

Mfano unaojulikana zaidi ni ule wa ndege ya Comet, na wasomaji wetu wa Afrika Mashariki wana sababu ya kuukumbuka. Tarehe 2 Mei 1952 ndege hiyo ya Kiingereza ilianzisha safari ya kwanza ya abiria kwa ndege ya jeti, kutoka London hadi Johannesburg, na Entebbe ilikuwa kituo kimojawapo njiani. Tarehe 10 Januari 1954 moja ya ndege hizo ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba, wakafa watu wote 35. Tarehe 8 Aprili mwaka huohuo nyingine ilipotea karibu na Napoli ikiwa na watu 21. Ya kwanza ilikuwa imeruka safari zipatazo 1,290 tu, na ya pili safari kama 900. Wachunguzi wa Farnborough waliitumbukiza Comet nyingine katika tangi kubwa la maji, wakalijaza ganda lake na kulipunguza, wakiigiza safari baada ya safari. Ilipofika jumla ya safari kama 3,000, za kweli na za kuigizwa, ganda lilipasuka kuanzia kwenye kona ya tundu lililokatwa ndani yake.

Hizo zilikuwa ndege changa, zilizong'aa. Mtu angezitazama asingesema zimechoka. Basi pendekezo langu ni kwamba neno uchovu lisisimame peke yake katika orodha hii. Liandikwe uchovu wa marudio, kila mara, hata kama linarefusha sentensi; na ile hali ya springi ya mzee wa Gerezani iitwe kulegea, kama inavyostahili. Wapo wenzangu wanaotaka tuseme fatiki na tuondokane na mjadala. Sikubaliani nao. Neno la mkopo lisilojieleza humwacha fundi mahali palepale alipokuwa, na tofauti ni kwamba sasa anaona haya kuuliza.

Jambo la pili ni mkazo, na hili ni zito zaidi. Katika orodha neno hili limewekwa mahali pa istilahi tatu za Kiingereza: nguvu ya ndani ya metali inayohesabiwa kwa kila kipimo cha eneo; hali ya kitu kuvutwa pande mbili; na kiasi cha kukazwa kwa nati. Hili la tatu ndilo analolijua kila mtu mwenye spana. Sasa tusome agizo la mswada katika sura ya magurudumu: "Ili kuzuia nyufa, punguza mkazo wa bolti." Kwa fundi maana yake ni moja tu: legeza. Naye akilegeza atakuwa ameuharakisha ufa, kwa kuwa bolti iliyokazwa sawasawa huzibana sehemu mbili pamoja, na mizigo inayokuja na kuondoka hupita zaidi katika sehemu hizo kuliko katika bolti. Bolti iliyolegea huipokea tofauti yote ya mzigo kila gurudumu linapozunguka. Mwandishi wa asili alikusudia jambo lililo kinyume kabisa na lile litakalofanywa.

Kani ni nguvu inayokiendea kitu kutoka nje. Kanieneo tumezoea kuitumia kwa hewa na maji yanayosukuma juu ya uso wa kitu. Mkazo na ubaki kwa ile nguvu ya ndani, nao uwe wa kuvuta au wa kubana. Kazi ya spana iitwe ukazaji. Nalikubali kwamba neno moja limetokana na jingine na kwamba mtu atayachanganya; lakini akiona yameandikwa mbali mbali katika ukurasa mmoja, atajua kwamba yapo mawili.

Sasa nafika mahali ambapo orodha imekosea kwa namna ambayo hata mwalimu wa fizikia angeweza kutoiona. Istilahi mbili tofauti, moja ikiandikwa katika vitabu kwa alama Kt na nyingine kwa K tupu, zote zimepewa jina moja: kizidishi cha mkazo. Mfasiri ameongeza maelezo kwamba "zinafanana." Naomba msomaji anivumilie kidogo hapa, kwa sababu bila hesabu mbili tatu haiwezekani kuonyesha kwa nini hazifanani.

Chukua bamba pana la chuma linalovutwa kwa mkazo wa megapaskali 100. Toboa tundu la mviringo katikati. Ukingoni mwa tundu, upande wa kulia na wa kushoto wa mvuto, mkazo hupanda hadi 300. Tundu limezidisha mkazo mara 3, liwe dogo au kubwa, mradi bamba ni pana. Sasa lifanye tundu hilo liwe la umbo la yai, refu mara 3 kuliko upana wake, likiwa limelala kukingama mvuto. Hesabu aliyoitoa Inglis mwaka 1913 inasema ncha zake zitabeba mkazo wa mara 7. Lifanye jembamba zaidi, na namba inapanda zaidi. Hicho kweli ni kizidishi, namba tupu isiyo na kipimo, na jina alilolipa mfasiri linafaa sana.

Lakini ufa ni tundu ambalo wembamba wake unaelekea kuwa si kitu. Kwa hesabu hiyohiyo mkazo kwenye ncha yake ungekuwa hauna mwisho, na bamba lolote lenye mkwaruzo lingekatika kwa kuguswa. Halikatiki. Griffith, aliyefanya kazi hukohuko Farnborough, aliliona jambo hili mwaka 1920 alipokuwa akivunja vioo, akaacha kuuliza mkazo wa ncha ni kiasi gani, akauliza ni nishati kiasi gani inayohitajika ili ufa uongezeke. Mwaka 1957 Irwin, huko Marekani, alilirudisha swali kwenye mikazo kwa njia nyingine. Alionyesha kwamba karibu na ncha ya ufa, ufa uwe mrefu au mfupi, ramani ya mikazo ina sura ileile: ukiikaribia ncha mpaka robo ya umbali wako wa kwanza, mkazo unakuwa maradufu, na huendelea hivyo. Kinachotofautisha ufa mmoja na mwingine ni ukali wa ramani nzima. Huo ukali ndio K. Haukizidishi kitu chochote. Unapatikana kwa mkazo wa mbali na urefu wa ufa kwa pamoja, na una kipimo chake chenyewe, megapaskali mara kipeuo cha pili cha mita. Katika bamba letu, ufa wa katikati wenye urefu wa milimita 20 una K ya 17.7 hivi, ukirefuka hadi milimita 80, K inakuwa 35.4. Urefu mara 4, ukali mara 2.

Faida yake ilidhihirika miaka michache baadaye. Paris na wenzake, mwanzoni mwa miaka ya 1960, waligundua kwamba kiasi ambacho ufa unaongezeka kwa kila rudio la mzigo kinafuata badiliko la K likiwa limepandishwa kwa kipeo, ambacho kwa metali nyingi kiko karibu na 3. Ukali ukiwa maradufu, ufa unakimbia mara 8. Kwa kanuni hiyo mkaguzi anaweza kuambiwa baada ya saa ngapi za kuruka aje tena na taa yake. Hesabu hiyo haiwezekani kwa Kt. Mtu aliyefundishwa kwamba viwili hivyo ni kitu kimoja ataichukua namba 3 ya tundu la mviringo, ataiweka mahali pa K, na jibu litatoka, kwa kuwa karatasi haikatai namba.

Kosa hilohilo limejipenyeza katika sura ya mwisho ya mswada, inayoeleza jinsi kompyuta inavyotumika kuigiza mikazo kwa kulikata bamba katika vipande vidogo vidogo kama macho ya wavu. Mfasiri anaagiza: "Tafuta mkazo wa juu kabisa kwenye ncha ya ufa." Jibu la swali hilo halipo. Ukiyapunguza macho ya wavu karibu na ncha, mashine itakupa namba kubwa zaidi. Ukiyapunguza tena, kubwa zaidi tena. Hesabu inaikimbilia ile isiyo na mwisho. Msanifu mwangalifu haisomi namba ya nchani, huitafuta K kutokana na eneo linaloizunguka ncha. Katika sura hiyo pia mashine inatengeneza "mfano," neno ambalo mwanafunzi atadhani ni kwa ajili ya kueleweshwa tu. Kielelezo kingefaa zaidi. Vipande vya wavu vimeitwa "elementi," na mwalimu wa kemia atalalamika kwa haki. Lile eneo dogo nchani ambamo metali imevutwa ikapita uwezo wake wa kunyumbuka limeitwa "eneo la plastiki," kama vile ndoo. Liitwe eneo la mgeuko wa kudumu.

Eneo hilo si la kupuuzwa. Kabla ya ajali hizo za Comet, watengenezaji walikuwa wamelijaribu ganda kwa kulijaza na kulipunguza zaidi ya mara 16,000, nalo likastahimili. Kipande kilichojaribiwa kilikuwa kimetangulia kujazwa kwa shinikizo la mara mbili ya lile la kawaida, na jaribio hilo liliivuta metali ya kwenye kona ikageuka kwa kudumu. Shinikizo lilipoondolewa, metali iliyozunguka ilirudi mahali pake na kuibana ile ya kona. Mkazo huo wa kubana, uliobaki ndani bila mzigo wowote wa nje, ulikikinga kipande cha majaribio. Ndege zilizobeba abiria hazikuwa na kinga hiyo. Mswada unauita mkazo wa namna hiyo "mkazo mdogo uliosalia." Udogo ameuongeza mfasiri mwenyewe. Mkazo masalia unatosha, nao unaweza kuwa mkubwa sana.

Nimeiweka nyuma istilahi iliyonisumbua kuliko zote. Mwaka 1970 Wolf Elber alionyesha jambo ambalo halikutazamiwa: ufa unaokua kwa marudio hukutanisha midomo yake hata kabla mzigo haujaondoka wote. Ukuaji huacha nyuma yake kingo za metali iliyovutwa, na kingo hizo hugusana mapema. Kwa muda huo midomo imegusana, ncha haisikii mzigo, na ufa hukua polepole kuliko ilivyohesabiwa. Mfasiri ameandika "kuziba kwa ufa."

Hakuna Mswahili asiyejua kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kuziba ni tendo la mwenye nyumba, na ufa ukishazibwa haupo. Mkaguzi akisoma katika taarifa kwamba "ufa umeziba," ataitia sahihi na kwenda nyumbani. Kumbe ufa upo na urefu wake ni uleule. Mzigo ukirudi utafunuka. Tena katika metali hata tiba hailingani na methali: fundi anayetaka kuusimamisha ufa kwa muda, mpaka kipande kingine kipatikane, hutoboa tundu kwenye ncha yake ili ile ncha kali iwe mviringo. Anaongeza tundu, hazibi.

Lugha ina neno la kitu kinachofungika bila kuzibwa, na ni neno la macho na midomo. Ufa hufumba na hufumbuka. Nilimpelekea mzee wa Gerezani neno hili bila maelezo mengi, nikamwuliza ufa uliofumba ni ufa gani. Alinitazama kama mtu anayeulizwa jina lake. "Ni ule usiouona mpaka gari lipakiwe," akasema. Nimeandika kufumba kwa ufa, na sina shaka nalo.

Haki ya mfasiri nayo isipotee. Ile mistari iliyopindana inayoonekana katika uso wa ekseli iliyokatika, kila mmoja ukionyesha mahali ufa ulipotulia kabla ya kusonga tena, ameiita alama za ufuo, kama michirizi ambayo maji huacha mchangani yanapokupwa. Hakuna cha kubadili hapo. Ncha ya ufa nayo ni sahihi, na naipenda kuliko "mwisho wa ufa" nilioukuta kwingineko, kwa kuwa ufa wenye uhai hauna mwisho.

Wapo watakaosema kwamba mhandisi atasoma mambo haya kwa Kiingereza. Na asome. Mwongozo huu umeandikwa kwa yule anayelala chini ya gari akiwa na kurunzi na kitambaa, na mwenye kuamua kama gari litaondoka alfajiri.

Mswada nimeurudisha kwa mfasiri pamoja na maelezo haya, nasi tumekubaliana katika mengi. Linalobaki ni K. Kizidishi hakifai, kwa sababu nilizozieleza. Kipimo cha ukali wa mkazo kinaweza kudhaniwa kuwa ni chombo cha kupimia. Kwa sasa nimeandika kima cha ukali wa mkazo, nikijua kwamba darasani yupo mwanafunzi atakayemfikiria mnyama wa mtini akacheka. Pembeni nimeweka alama ya kuuliza, na orodha itakwenda kwenye kamati ikiwa na alama hiyo, isipokuwa msomaji mmojawapo awahi kutuletea neno lililo bora.